Lapi Ilizima, Tukamlaumu Fundi

Wasee, wangapi hapa mlikulia nyumba yenye ile HP Pavilion nyeusi inayong'aa mpaka unajiona uso? Ya kwetu ilikuwa dv6000 ya mitumba. Brathe aliinunua na pesa za kibarua cha miezi kadhaa. Siku moja taa zinawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni giza totoro. Akaipeleka kwa fundi Luthuli. Fundi akaipiga hewa moto, ikarudi fiti kabisa. Wiki tano baadaye, giza tena. Mara ya tatu brathe akamwita fundi tapeli, na hawajasalimiana mpaka leo.

Nimekaa nikasoma historia ya hizo mashine, na manze, fundi wa watu alionewa.

Miaka ya 2007 na 2008, HP, Dell na Apple walikuwa wanauza laptopu zenye chipu za grafiki za Nvidia. Chipu yenyewe imekalia kibodi chake kidogo, imeshikiliwa na vitone vidogo sana vya risasi, na katikati kumejazwa gundi. Ukiwasha mashine, joto linapanda, vitu vinatanuka. Ukizima, vinasinyaa. Shida ni kwamba silikoni na kile kibodi havitanuki sawa, kwa hivyo vile vitone vinavutwa huku na huku kila siku. Gundi ndiyo inafaa kuvisaidia kubeba huo mzigo. Waliozipasua hizo chipu wakaeleza kwamba gundi iliyotumika ililainika mapema joto likipanda, ikaviacha vitone vipambane peke yao. Washa, zima, washa, zima. Siku moja kitone kinapasuka. Ndiyo maana lapi haikufia dukani. Ilikufia kwako, mara nyingi waranti ikiwa ishaisha.

Sasa cheki vile watu wazima walitupiana mpira.

HP ilianza mwisho wa 2007: ikaongeza muda wa waranti kwa baadhi ya modeli na kuwaambia wateja waweke BIOS mpya. Dell nayo ikafuata 2008. Hiyo BIOS ilifanya nini? Iliifanya feni izunguke zaidi. Feni haiungi kitone kilichopasuka, inachelewesha tu kupasuka. Waranti ya ziada nawapa alama. Hiyo ya feni, hapana.

Tarehe 2 Julai 2008 Nvidia ikawaambia wawekezaji kwamba inatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zilizokuwa zinakufa kuliko kawaida. Kesho yake hisa zikaporomoka kwa takriban asilimia 30. Lakini soma ile taarifa polepole. Ilitaja malighafi dhaifu, ndiyo. Halafu ikaongeza mpangilio wa kupooza joto ndani ya laptopu, yaani makosa ya HP na wenzake. Halafu ikaongeza jinsi wateja wanavyotumia mashine. Wateja! Wewe kuwasha na kuzima lapi yako ukawa umewekwa kwenye orodha ya washukiwa.

Apple iliambiwa na Nvidia kwamba Mac hazikuguswa. Ikachunguza yenyewe, na Oktoba 2008 ikakubali kwamba baadhi ya MacBook Pro zenye GeForce 8600M GT zilikuwa na ugonjwa uleule. Ikazitengeneza bure hata kama waranti imekwisha. Kwangu mimi hao ndio walifanya kazi ya muuzaji. Mteja hakununua kitu kutoka Nvidia. Alinunua jina lililo kwenye kifuniko, na mwenye jina ndiye anafaa kujibu kwanza, wakagombane na mwenye chipu baadaye.

Mambo yakafika mahakamani California, na mwaka 2010 Nvidia ikakubali suluhu. Wenye Dell na Apple watengenezewe. Wenye HP wapewe laptopu nyingine inayofanana. Iliyokuja ni Compaq CQ56, mashine ya bei ya chini, na watu waliokuwa wamelipia HP za maana wakapiga kelele kweli. Madai yote yalifaa kufika mapema 2011, na yalikuwa ya wakazi wa Marekani.

Huku kwetu, mashine zilezile zilikuwa zinaendelea kuingia kama mitumba. Katiba yetu, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa bora na fidia akipata hasara. Risiti ya brathe inasema mali ikiuzwa hairudi. Ninayo bado.

Na fundi? Ile hewa moto ilirudisha ufa ukagusana kwa muda tu. Hata angebadilisha risasi yote chini ya chipu angekuwa anatibu mahali pasipo na kidonda, kwa sababu ufa ulikuwa juu zaidi, ndani ya chipu yenyewe. Dawa ilikuwa chipu mpya ya malighafi iliyorekebishwa, na hiyo yeye hakuwa nayo. Alichukua mia tano kila mara, na mara ya tatu hakuchukua kitu.

Brathe nimemtumia hii. Ameisoma, ticki ni za bluu, lakini hajajibu.