Gundi ya magome ya muwati

Gundi ya mbao inayotengenezwa kwa tanini ya muwati (Acacia mearnsii), mti wenye asili ya Australia ulioletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Kati ya gundi zote za mimea, hii ndiyo inayolifaa zaidi Bonde la Ufa la kati: muwati hustawi kwenye nyanda za juu, na Nakuru na Elburgon ni miji ya mbao tangu zamani.

Plaiwudi na chipubodi nyingi za ndani ya nyumba hugandishwa kwa yurea na fomaldehaidi. Gundi hiyo ni rahisi na hukauka upesi, lakini ubao huendelea kutoa mvuke wa fomaldehaidi, hasa penye joto na unyevu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitambua kemikali hiyo kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Anayeivuta zaidi ni kibarua wa kiwandani.

Takriban theluthi ya uzito wa magome makavu ya muwati ni tanini. Hukamuliwa kwa maji moto, kisha maji huvukizwa hadi ibaki unga mwekundu wa kahawia. Kwa miongo mingi viwanda vya Eldoret na Thika viliutoa kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Afrika Kusini iliuingiza kwenye viwanda vya mbao miaka ya 1970, na ubao wake ukastahimili mvua.

Tatizo la gundi hii ni kwamba tanini nayo huhitaji kigandisho, kwa kawaida fomaldehaidi kidogo, na huungana nayo kwa kasi mno, hata gundi ikaganda kabla ya kupakwa. Sukari na utomvu uliobaki huifanya nzito na kuipunguzia uwezo wa kuhimili maji. Mafundi hurekebisha kiwango cha asidi, au hutumia kigandisho kingine, heksamini, ambacho hupunguza sana mvuke. Heksamini nayo ni zao la kiwanda, kwa hiyo si haki kuiita gundi hii ya mimea mitupu.

Gundi nyingine ya mimea ni ya soya: Marekani plaiwudi yake iliingia sokoni mwaka 2005. Kwa Nakuru magome ni bora kuliko soya, ambayo ni chakula cha watu na mifugo. Magome ya misonobari yanayorundikana kwenye viwanda vya kupasua mbao pia yana tanini, ingawa kidogo zaidi.

Muwati huhitaji miaka 8 hadi 10 kabla ya kubanduliwa magome, na wakulima wengi huukata mapema kwa makaa na nguzo. Pia husambaa wenyewe na kuvamia ardhi, hivyo unafaa kupandwa mashambani chini ya uangalizi, mbali na kingo za mito ya msitu wa Mau.