Lengelenge Chini ya Kope

Hadi mwaka 1857, mgonjwa wa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hakuwa na tiba ya maana. Ndipo Albrecht von Graefe wa Berlin alipoonyesha kwamba kukata kipande cha airisi kunaweza kuokoa jicho. Kwa glakoma ya ghafla ilifaa. Ile ya polepole, inayopofusha bila kuuma, ilihitaji jicho litobolewe mfereji wa kudumu.

Robert Henry Elliot, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Madras, India, alieleza njia yake mwaka 1909. Aliufunua utando laini uliofunika weupe wa jicho, akazungusha kisu cha mviringo pale weupe unapokutana na konea, akatoa kiduara cha takriban milimita 2, kisha akaurudisha utando juu ya tundu. Maji yaliyokuwa yakilibana jicho yakatoka, yakajikusanya chini ya utando na kufanya lengelenge dogo, lililofichwa na kope la juu. Operesheni hiyo ikaenea duniani.

Balaa lilikuja baadaye, pengine baada ya miaka, mgonjwa akiwa ameshasahau kisu. Lengelenge lililokonda hadi kukosa mishipa ya damu huvuja, na panapovuja bakteria hupenya. Jicho huwa jekundu, linauma, linakimbia mwanga. Lengelenge lililokuwa angavu hugeuka jeupe kama maziwa. Usaha ukifika ndani, uoni unaweza kupotea katika siku moja au mbili. Enzi za Elliot hapakuwa na antibayotiki.

Mwaka 1968 John Cairns wa Cambridge alieleza trabekulektomi: tundu sasa likafunikwa kwa kipande cha weupe wenyewe wa jicho. Ajabu ni kwamba Cairns alitaka maji yapite kwenye mfereji wa asili, bila lengelenge. Ikaja kubainika kuwa lengelenge ndilo linaloifanya operesheni ifaulu.

Lakini tundu lilikuwa na tabia ya kuziba kwa kovu. Katika miaka ya 1980, kuanzia kwa Chen wa Taiwan, madaktari wakapaka mitomaisini, dawa ya saratani, kuzuia kovu. Presha ilishuka vizuri. Ukuta wa lengelenge nao ukakonda tena, na maambukizi yakarudi. Peng Khaw na wenzake wa Moorfields, London, hawakuiacha dawa. Waliipaka eneo pana zaidi, ili lengelenge litandae badala ya kuinuka mahali pamoja, na wakalitaka likae juu, kope lilifunike.