Kambale Ana Mayai Lakini Hazai: Sindano ya Samaki Ilikotoka

Ndugu mfugaji, swali hili hunijia kila msimu. Kambale jike tumbo limejaa, dume yupo naye bwawani, miezi inapita na hakuna kifaranga hata mmoja. Wengine huamua samaki ni tasa, wakamuuza kwa mama lishe na kununua wazazi wapya. Hao nao hawazai, na hela imekwenda. Kabla hujafika huko, fahamu jibu lilipatikana vipi, maana halikuanzia kwa kambale wala kwetu.

Tazama kwanza anavyoishi mwenyewe. Mvua zikikolea na mto ukifurika, kambale hutoka usiku akaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya, kina kifupi. Jike hutaga, mayai hunata kwenye majani, wazazi huondoka zao. Bwawani kwako mayai hukua vizuri tu, lakini hatua ya mwisho haifiki kwa sababu mafuriko hayafiki. Samaki wako haumwi. Anasubiri ishara.

Ishara hiyo hupitia kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ambayo humwaga homoni kwenye damu. Mwaka 1930, nchini Argentina, Bernardo Houssay aliwadunga samaki wanaozaa watoto hai dawa iliyotokana na tezi za samaki wengine, wakazaa kabla ya wakati. Houssay ndiye aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi nyingine juu ya tezi hiyo hiyo.

Aliyeipeleka kazi hiyo kwenye mabwawa ni Rodolpho von Ihering wa Brazil. Kaskazini Mashariki mwa Brazil ni eneo la ukame, na serikali ilikuwa imejenga malambo mengi kuhifadhi maji. Mwaka 1932 alipewa kuongoza tume ya kufuga samaki katika malambo hayo. Shida aliyoikuta huko wewe unaijua: samaki wa kule walizoea kupanda mto wakati wa mafuriko ndipo watage, na lambo halina mto wa kupanda. Katikati ya miaka ya 1930, yeye na wenzake walitoa tezi za samaki, wakazisaga na kuwadunga samaki waliokwisha kuiva. Wakataga.

India nako wafugaji walikuwa wakichota vifaranga mitoni, wazuri na wabaya pamoja, na mto usipotoa basi mwaka umeharibika. Tarehe 10 Julai 1957, huko Angul katika jimbo la Odisha, Hiralal Chaudhuri na K. H. Alikunhi walifaulu kuwazalisha samaki wa mito yao kwa tezi. India huadhimisha tarehe hiyo mpaka leo kama siku ya wafugaji wa samaki.

Zamu ya kambale ilifika miaka ya 1970. De Kimpe na Micha walichapisha mwongozo wa kumfuga mwaka 1974, kutokana na kazi yao Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hogendoorn akachapisha matokeo yake ya Cameroon mwaka 1979. Njia inayotumika kwenye vituo vyetu vya vifaranga imetokana na kazi kama hizo.

Sasa rudi bwawani. Sindano haitengenezi mayai, huyaachia yaliyoiva. Hapa ndipo hela nyingi hupotea, na wala si kwa ubovu wa dawa. Minya tumbo la jike taratibu: yakitoka mayai machache yenye ukubwa sawa, karibu milimita 1, yuko tayari. Yasipotoka, mlishe vizuri na usubiri. Homoni za viwandani zipo, lakini tezi moja ya kambale mkubwa aliyechinjwa punde, mwenye uzito sawa na jike wako, inatosha, awe dume au jike. Wauza samaki, vichwa mnavyotupa vina mali ndani yake.

Ukishadunga, angalia joto la maji, usikisie. Maji yakiwa nyuzi 25, subiri muda wa saa 11. Nyuzi 30, saa 7. Nyuzi 20, kama saa 21. Ukikamua mapema mayai hayatoki, ukichelewa yanaharibika ndani kwa ndani. Dume hakamuliki, kwa kawaida huchinjwa ili korodani zitolewe. Kausha vyombo na mikono, kwa sababu mbegu zake zikigusa maji hudumu dakika moja hivi tu. Changanya kwanza, maji baadaye.

Mayai yanayogeuka meupe yamekufa na huleta ukungu, yaondoe. Vifaranga wakianguliwa hula kiini chao kwa siku tatu hivi, kisha wanataka chakula hai kidogo sana, kama viroboto maji waliochujwa kwenye bwawa lililorutubishwa kwa samadi. Andaa bwawa hilo wiki moja kabla ya sindano. Baadaye watenge kwa ukubwa mara kwa mara, kambale wakubwa hula wadogo. Kama uko kanda ya Ziwa Victoria, wale wa wastani wana soko la pili: wavuvi wa sangara huwanunua kwa chambo cha ndoana.