Mzabibu wa Ugogo: Ulivyokuja, Ulivyong'olewa, Ulivyorudi



Babu zetu waliiona njaa ya Mtunya, iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Nchi yetu ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa wazee wale mali ilikuwa ng'ombe, uwele na mtama. Zabibu walizisikia kwenye Biblia tu.

Aliyezileta ni mmisionari. Mapadre Wakatoliki kutoka Italia walizipanda Bihawana miaka ya 1950. Divai ya misa, kwa sheria ya Kanisa, lazima iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Na kwa kweli mvinyo mwekundu hauhitaji mengi. Zabibu zinapondwa, mchuzi unakaa pamoja na maganda mpaka uchukue rangi, na hamira iliyoshikamana na maganda hayo inaweza kuuchachusha bila kuongezewa kitu. Siku hizi Ulaya mvinyo wa namna hiyo huuzwa ghali, kama jambo lililogunduliwa jana!

Mbegu iliyotukubali kuliko zote ni ile nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini mwa mji. Inavumilia jua letu, na ukiipogoa vizuri inakupa mavuno mawili kwa mwaka. Ya masika husumbuliwa na ubwiri. Ya kiangazi, Agosti na Septemba, ndiyo matamu.

Miaka ya 1990 soko lilianguka. Baba yangu alivuna, akapanga matenga kando ya barabara, akasubiri gari siku nne. Mtama ungemngoja ghalani, lakini zabibu hazingoji. Siku ya nne nyuki walikuwa wengi kuliko sisi. Mwaka uliofuata aling'oa shamba zima akapanda alizeti, akabakiza safu mbili nyuma ya nyumba, si kwa hesabu yoyote, bali kwa sababu mama alikataa katakata. Nyumba nyingi za kwetu zina hadithi kama hiyo, na katika nyingi aliyekataa ni mama.

Wanunuzi walipoanza kurudi miaka ya 2000, watu walikata pingili kwenye mizabibu iliyosalia. Shamba la kaka yangu la leo limetoka kwenye zile safu mbili.

Lakini tenga bado linangoja gari. Anayepanga bei ni mwenye gari, maana anajua kesho zabibu zitakuwa zimeoza. Mchuzi uliokamuliwa ukahifadhiwa vizuri humpa mkulima nafasi ya kusema hapana. Kuhifadhi kwenyewe kunataka usafi na ubaridi, kwani kwa joto la Dodoma pipa chafu hutoa siki, na mvinyo usioongezewa dawa hausamehe uzembe.

Ndiyo maana mwaka huu chama chetu kinachangisha fedha za mashine ya kukamulia, matangi ya chuma kisichoshika kutu na chumba cha ubaridi. Tunataka vifungwe kabla ya mavuno ya Agosti. Fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho. Na mwenye safu za zamani nyuma ya nyumba, tafadhali asizing'oe, tunahitaji pingili.