Undugu, Rehani na Biashara ya Watu: Kutoka Pwani hadi Vuhovi

Biashara ya watu huelezwa mara nyingi kuwa ni kazi ya wageni wenye silaha. Maelezo hayo ni kweli kwa sehemu tu. Historia ya nchi zinazosema Kiswahili yaonyesha kwamba mfanyabiashara aliingia pia kwa mlango wa undugu.

Tuanze na maandiko tunayoyasoma darasani. Katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aeleza jinsi alivyoupata utawala wa Utetera mwanzoni mwa miaka ya 1870. Alimwambia mtawala mzee, Kasongo Rushie, kwamba bibi yake alikuwa dada wa mzee huyo, aliyetekwa zamani na watu wa Urua. Mzee akasadiki, akamkabidhi nchi. Hamu ya kumpata dada aliyepotea ndiyo iliyomfungulia mgeni njia.

Huko pwani, wakati wa njaa ya 1884, baadhi ya Wamijikenda waliwaweka watoto rehani kwa jamaa na marafiki ili wapate nafaka. Kwa desturi, aliyewekwa rehani hakuwa mtumwa: deni likilipwa, hurudi kwao. Kinga yake ilikuwa moja, nayo ni ndugu walio karibu, wenye uwezo wa kumdai. Ndugu walipokufa, au mtoto alipopelekwa mbali, hapakuwa na wa kuuliza, wengine wakauzwa.

Hapa kwetu, mwaka 1996, AFDL iliandikisha watoto katika jeshi lake. Waliitwa kadogo, neno la upendo la nyumbani, na jeshi likashika nafasi ya jamaa.

Vuhovi, katika usultani wa Bashu, wilayani Beni, kulea mtoto wa ndugu ni wajibu wa heshima. Kwa hiyo, kumhoji shangazi wa mjini kuhusu kazi na masomo ya mtoto aliyepewa huweza kuonekana kama kumtukana. Tena, tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yametawanya jamaa nyingi: watoto wa kulelewa wameongezeka, ndugu wa kuuliza wamepungua.

Itifaki ya Palermo ya 2000 yasema kwamba kumsafirisha mtoto kwa nia ya kumnyonya ni biashara ya watu, hata kama hakuna aliyemtisha wala kumdanganya. Lakini sheria haiwezi kufanya kazi pasipo mtu wa kuuliza.

Kosa, basi, si malezi ya ukoo. Desturi ya rehani yatufundisha kwamba mtoto anapoondoka, yapasa yajulikane makao yake, mlezi wake, na ndugu mwenye haki ya kumfuata bila kuitwa adui wa ukoo. Swali hilo halivunji undugu. Zamani ndilo lililoulinda.