Mzee wa Ding Aliuza Nyumba. Sawa, Halafu?

Kuna stori moja ya mchezaji wa snuka kutoka Uchina ambayo watu hupenda kunitumia, kwa sababu wanajua niliacha chuo. Mnaijua. Kuna mtoto, kuna baba, baba anauza nyumba ili mtoto aachane na shule acheze snuka, mtoto anakuwa tajiri, kinanda kinaingia polepole, video imeisha. Kule chini kwa komenti watu wanaandika shule ni utapeli.

Mtoto huyo anaitwa Ding Junhui, na hiyo stori kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Shida yangu ni mahali inapokatwa. Inaishia 2005, jamaa akiwa na miaka 18 na kombe mkononi. Lakini Ding ameendelea kucheza miaka ishirini baada ya hapo, na hiyo miaka ishirini ndiyo inaonyesha bei yenyewe ilikuwa ngapi.

Tuanze na mchezo, maana wengi wetu tunajua pool ya mtaani tu. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6. Ukiweka ile yetu ya base kando yake inakaa ya watoto. Kuna mipira 15 myekundu, kila mmoja pointi 1, halafu mipira sita ya rangi inayoanza pointi 2 hadi mweusi wenye 7. Unaingiza mwekundu, unaingiza wa rangi, unarudi kwa mwekundu. Ukifanikiwa kuingiza myekundu yote 15 na kila mara kuifuata na mweusi, kisha ukamaliza zile rangi sita bila kukosa hata mara moja, unapata 147. Fremu moja ni kama pambano dogo, na fainali ya ubingwa wa dunia huchezwa siku mbili mpaka mmoja ashinde fremu 18. Ni mchezo wa kukaa kwenye kiti ukiangalia mwenzako akikumaliza, na huna la kufanya isipokuwa kunywa maji.

Ulitungwa na maafisa wa jeshi la Uingereza kule India mwaka 1875, ukakaa kwenye vilabu vya wakubwa, halafu ukashuka kwa kumbi za wafanyakazi Uingereza yenyewe. Kijana wa Yixing, mkoa wa Jiangsu, hakuwa kwenye hiyo picha kabisa.

Ding alizaliwa huko tarehe 1 Aprili 1987. Mzee wake, Ding Wenjun, aliupenda sana mchezo wa meza, na mtoto akaanza kushika fimbo akiwa na miaka kama minane. Alipoonekana ana kitu, familia iliuza nyumba ikahamia Dongguan, kule kusini, ambako kulikuwa na wachezaji wazuri na mahali pa kufanyia mazoezi. Shule ikapunguzwa, halafu ikaachwa. Mwaka 2002 akiwa na miaka 15 alishinda ubingwa wa Asia wa wakubwa, wa Asia wa vijana, na wa dunia wa vijana, yote mwaka mmoja. Mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kulipwa, akaenda kuishi Uingereza akiwa hajui Kiingereza cha maana.

Hebu tusimame hapo kwa nyumba. Hizi video husema "baba aliamini" kana kwamba kuamini ndiko kulikomfanya mtoto ashinde. Buda, wazazi wengi wameamini. Dongguan haikuwa na mtoto mmoja. Kulikuwa na wengine waliotolewa shule, waliolala karibu na ukumbi, waliopiga mipira saa nane kwa siku, na majina yao hatuyajui kwa sababu hawakufika. Hakuna anayetengeneza video ya baba aliyeuza nyumba na mtoto akafika nusu fainali ya mkoa. Mathe wangu hakuuza nyumba, hatukuwa nayo ya kuuza. Alilipa karo ya semesta tatu kutoka kwa kibanda, mimi nikaondoka. Sijutii, na siombi mtu msamaha hapa. Lakini najua tofauti kati ya kufuata ndoto kwa pesa yako na kuifuata kwa pesa ya mtu mwingine, na Ding aliijua hiyo tofauti akiwa mtoto.

Sasa 2005. Mashindano ya China Open, Beijing. Ding yuko nje hata ya wachezaji 50 bora, anaingia kwa mwaliko maalum. Anafika fainali, anakutana na Stephen Hendry wa Scotland, bingwa wa dunia mara saba, na anampiga 9–5. Ilikuwa tarehe 3 Aprili, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 18. Makadirio ya wakati ule yalisema zaidi ya watu milioni 100 walitazama kwenye televisheni ya Uchina. Kwa sababu aliingia kwa mwaliko, hakupewa hata pointi moja ya ranki. Desemba mwaka huohuo akaenda York, akashinda UK Championship kwa kumpiga Steve Davis 10–6. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya Uingereza na Ireland kulibeba kombe hilo.

Hapa ndipo video inakatwa.

Januari 2007, Wembley, mashindano ya Masters. Ding ana miaka 19. Dhidi ya Anthony Hamilton anapiga ile 147 kamili mbele ya kamera, na hakuna aliyewahi kuifanya kwenye televisheni akiwa mdogo hivyo. Anafika fainali. Mpinzani ni Ronnie O'Sullivan, na uwanja ni wa nyumbani kwa Ronnie kabisa. Ding anaanza vizuri, anaongoza 2–0. Halafu Ronnie anaamka. Fremu baada ya fremu, Ding amekaa tu, na kwenye umati kuna watu wanampigia kelele kijana ambaye hata hawezi kuwajibu kwa lugha yao. Ikafika 9–3. Ding akasimama, akanyoosha mkono kumpongeza Ronnie. Alifikiri imeisha. Ilikuwa inahitajika fremu ya kumi.

Tazameni hiyo sehemu. Ronnie anamshika bega, anamkumbatia, wanatoka pamoja. Kijana analia. Wakarudi, ikachezwa fremu moja zaidi, 10–3. Miezi michache baadaye alifuzu kwa mara yake ya kwanza kucheza ubingwa wa dunia pale Crucible, Sheffield, na raundi ya kwanza akapangiwa nani? Ronnie tena. 10–2.

Alikaa zaidi ya miaka mitatu, kuanzia Agosti 2006, bila kushinda kombe la ranki. Nikimtazama mimi sioni kijana aliyepoteza kipaji. Kipaji kilikuwepo. Naona mtu wa miaka 20 aliyebeba nyumba iliyouzwa, nchi nzima inayosubiri, na wadhamini waliofuata nyuma ya nchi. Akikosa mpira mmoja mweusi hiyo yote inakosa naye.

Alirudi Desemba 2009, akampiga John Higgins 10–8 kwenye UK Championship. Mwaka 2011 akachukua Masters palepale Wembley alikolia, 10–4 dhidi ya Marco Fu wa Hong Kong. Msimu wa 2013/14 alichukua makombe matano ya ranki, idadi ambayo ni Hendry tu alikuwa ameifikia kabla yake. Desemba 2014 akawa nambari moja duniani, Mwasia wa kwanza. Ukimweka kwenye meza mahali popote, alikuwa hatari.

Isipokuwa Sheffield. Msimu uleule wa makombe matano, aliingia Crucible akatolewa raundi ya kwanza na Michael Wasley, 10–9, mtu ambaye wengi hawakuwa wamesikia jina lake.

Mwaka 2016 alikuwa ameshuka nje ya 16 bora, ikabidi apitie mchujo kama mgeni. Na huo ndio mwaka alicheza kama amefunguliwa kamba. Alimtoa Judd Trump, akamponda Mark Williams 13–3, nusu fainali dhidi ya Alan McManus akapita pointi 100 kwa zamu moja mara saba, rekodi ya mechi moja pale. Mwasia wa kwanza kufika fainali ya dunia. Huko akamkuta Mark Selby, akapigwa fremu sita za kwanza bila jibu. Alipanda polepole, akamkaribia mpaka watu wakaanza kuamini, lakini Selby ni yule mtu hakuachii mlango wazi. Ikaisha 18–14.

Mashabiki wa soka, mnakumbuka usiku wa tarehe 2 Mei 2016. Chelsea na Tottenham 2–2, Leicester City bingwa. Selby ni mtoto wa Leicester, na alimaliza kazi dakika chache tu baada ya hiyo mechi. Dunia nzima ilikuwa inasherehekea mnyonge aliyeshinda. Kwenye chumba kimoja Sheffield kulikuwa na aliyepitia mchujo akapoteza, na hakuna aliyekuwa anamtazama.

Hajawahi kurudi fainali hiyo. Ndiyo maana watu humwita Ding mtu wa "karibu". Mimi siipendi hiyo lugha. Nyuma yake walikuja vijana wengi wa Kichina kuishi Uingereza, wengi Sheffield, wadogo, mbali na wazazi, pesa ndogo mpaka ushinde. Na mwaka 2023 kumi kati yao wakafungiwa kwa mambo ya kuuza mechi na kubeti. Liang Wenbo, aliyeshinda Kombe la Dunia la timu mara mbili akiwa na Ding, alifungiwa maisha. Yan Bingtao, bingwa wa Masters akiwa na miaka 20, miaka mitano. Zhao Xintong, miezi 20. Zhao hakuuza mechi yake mwenyewe, lakini alihusika na za Yan na alikuwa akibeti snuka. Siwatetei. Nasema tu kwamba zile video za ndoto hazionyeshi wale walioifuata njia ya Ding wakafika kwa mtu mwenye ofa mbaya.

Zhao alirudi mwishoni mwa 2024 bila leseni ya kulipwa, akacheza na watu wa ridhaa. Aprili 2025 alishinda mechi nne za mchujo kuingia Crucible, ambako kati ya wachezaji 32 kumi walikuwa Wachina, idadi ambayo haikuwahi kufika. Alimpiga Ronnie 17–7 kwenye nusu fainali. Tarehe 5 Mei akamshinda Mark Williams 18–12, bingwa wa dunia wa kwanza kutoka Asia. Zhao alizaliwa tarehe 3 Aprili 1997. Siku Ding alipompiga Hendry kule Beijing, alikuwa anatimiza miaka minane.

Ding mwenyewe alikuwa kwenye mashindano hayohayo, ana miaka 38. Miezi michache kabla, Novemba, alikuwa ameshinda International Championship nyumbani Uchina, kombe lake la 15 la ranki na la kwanza baada ya miaka mitano. Crucible alishinda raundi ya kwanza, ya pili Luca Brecel akamtoa. Alifunga fimbo yake, akaondoka, na msimu uliofuata alikuwa mezani tena.