Afe Mgeni, Mwenyeji Abaki

Kuna siku kompyuta ya IBM 360/67 katika chuo cha MIT, Marekani, ilizimika mara 27. Iliendeshwa na CP-67, programu iliyoigawa mashine moja kwa watumiaji wengi, kila mmoja akijiona ana kompyuta nzima peke yake: programu ndiyo mwenyeji, na kompyuta hizo za kuigiza, yaani mashine pepe, ndizo wageni wake. Mbinu hiyo ilianza mwaka 1964 kwa kundi la Robert Creasy, katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts.

Chanzo cha kuzimika huko kilikuwa kidogo mno. Msimbo uliopokea maandishi ulihesabu urefu wa mstari kwa baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255. Kikaja kifaa kipya, kikomo cha mstari kikapandishwa hadi herufi kama 1,200. Hesabu ikapotoka, herufi zikafurika nje ya nafasi zilizotengewa, mwenyeji akaanguka na wageni wake wote. Hapakuwa na ukaguzi wowote wa kuuliza kama urefu ule unaingia kwenye baiti moja.

Ajabu ni kwamba siku ile iliijengea CP-67 sifa. Ilikuwa ikijiwasha yenyewe upesi, ilhali Multics, mfumo mwingine wa hapohapo MIT, ilihitaji saa nzima kukagua mafaili yake kila ilipoanguka. Aibu hiyo ilichangia watu wa Multics kuunda upya hifadhi yao.

Lakini kuamka haraka si kinga. Mwaka 2015 Jason Geffner wa CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, alifichua VENOM, kasoro iliyokaa tangu 2004 ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta. Ilijificha kwenye msimbo wa kuigiza kiendeshi cha flopi, kifaa ambacho karibu kila mtu alishakisahau! Nafasi ilikuwa ya baiti 512. Mgeni mwenye hila aliweza kuzidi kusukuma data hadi amfikie mwenyeji. Kiraka kilichotolewa kililazimisha kila hesabu ya nafasi ibaki ndani ya mipaka.

Na ukaguzi ukigundua kasoro, ufanye nini? Katika Linux, amri ya BUG_ON huweza kuiangusha kompyuta nzima, jambo ambalo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amelikemea kwa miaka. Mwaka 2021 KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, ikapata KVM_BUG_ON. Hii humtia alama mgeni aliyeharibika, na maombi yanayofuata kumhusu hukataliwa. Mashine pepe nyingine zinaendelea na kazi, na msimamizi anakuta onyo kwenye kumbukumbu za mfumo.